Kabla Hujanunua Saa Yenye Hadithi ya Kigiriki

Kando ya ziwa la chumvi la Katwe, katika mji mdogo wa Katwe-Kabatoro wilayani Kasese, Uganda, kuna kiwanda kilichokufa. Kilijengwa kwa utaalamu wa Kijerumani katika miaka ya 1970 ili chumvi ivunwe kwa mashine. Hakikudumu. Maji ya ziwa hili, mazito kwa chumvi na magadi, yaliyala mabomba ya chuma, na mpaka leo chumvi ya Katwe inavunwa na watu wanaoingia majini wenyewe.

Naanza na kiwanda hicho kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara. Mtu amepata pesa ya kahawa, au ya malori yanayovuka mpaka wa Mpondwe, au ana mtoto London anayetaka kumpa baba yake zawadi ya kustaafu. Ameona saa ya mkono ya kifahari, iliyotengenezwa kwa mikono, yenye Poseidon au Medusa au mabawa ya Nike kwenye uso wake. Je, anunue? Namjibu kwamba anaweza kununua na akaifurahia miaka mingi, mradi pesa yake ilipie mambo mawili: mkono wa fundi unaoonekana kwa macho, na mwili wa saa unaoweza kuishi hapa kwetu, kwenye chumvi iliyoyala mabomba yale. Hadithi ya Kigiriki peke yake haina bei. Ni mali ya watu wote, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuibandika kwenye saa ya shilingi elfu ishirini.

Tuutazame kwanza ufundi wenyewe unapofika kileleni. Mwaka 2022, Vacheron Constantin, nyumba ya saa ya Geneva iliyoanza mwaka 1755, ilishirikiana na makumbusho ya Louvre ya Paris kutengeneza saa za aina nne zenye sanaa ya mataifa ya kale. Kila aina ilitolewa kwa saa tano tu. Mojawapo imembeba Nike wa Samothrace, mungu wa kike wa ushindi, yule ambaye sanamu yake ya marumaru ilichimbuliwa mwaka 1863 katika kisiwa hicho cha Ugiriki, na sasa inasimama juu ya ngazi za Louvre bila kichwa wala mikono. Kwenye saa, umbo lake limechongwa kwa dhahabu na kuwekwa juu ya enameli. Saa hiyo haina mishale. Saa, dakika, siku na tarehe zinaonekana katika vidirisha vinne pembeni, ili pasiwe na kitu kinachokatiza juu ya mabawa. Mafundi walichagua mtambo wa kuihudumia picha.

Sasa chukua saa yoyote ya Medusa inayopitishwa mkono kwa mkono sokoni, uitazame katikati. Mara nyingi tundu la mishale limetobolewa kwenye pua au kwenye paji la uso, kwa sababu picha iliwekwa juu ya mtambo uliokuwapo tayari, na hakuna aliyekaa kufikiri. Hilo unaweza kuliona bila kifaa chochote, ukiwa umesimama tu mbele ya muuzaji.

Neno linalopotosha wanunuzi wengi ni hilo la "kazi ya mkono". Mwaka 2019 kampuni ya Greubel Forsey ya Uswisi ilitoa saa iliyoiita Hand Made 1, ambayo asilimia 95 ya vipande vyake vilitengenezwa kwa zana zinazoendeshwa kwa mkono. Saa moja ilikula muda wa kazi wa saa 6,000, na kampuni huweza kutoa chache mno kwa mwaka. Ukishalijua hilo, utamwelewa vizuri mtu anayekuambia kwamba saa yake ya dola mia tatu imetengenezwa yote kwa mkono. Hata nyumba kubwa hukata vipande vingi kwa mashine, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: mkono uligusa wapi? Je, ni uso tu? Ni nakshi ya mfuniko wa nyuma? Ni kingo za vipande vya ndani? Muuzaji mwaminifu atakuonyesha mahali penyewe. Asiyejua ataanza kukusimulia habari za Zeus.

Wala usidhani kwamba kazi ya mkono ni ya mabilionea peke yao. Seiko ya Japani, katika safu yake ya Presage, imekuwa ikitoa saa zenye uso wa enameli halisi kwa bei inayoanzia kwenye dola elfu moja na ushee. Karakana ya anOrdain huko Glasgow, Uskoti, hutengeneza nyuso za enameli yenyewe kwa bei ya paundi elfu chache. Hazina miungu juu yake, ila zinakufundisha jinsi enameli inavyoonekana, na jicho lililokwisha kuiona ya kweli ni vigumu kulidanganya.

Enameli ni kioo kilichosagwa kuwa unga, kikapakwa juu ya shaba nyekundu, fedha au dhahabu, kisha kikachomwa tanuruni kwenye joto la karibu nyuzi 800 za Selsiasi. Fundi hupaka, huchoma, hupoza, hupaka tena. Uso mmoja unaweza kupasuka kwenye mchomo wa mwisho na kazi yote ikatupwa, ndiyo maana ni ghali. Nunua kioo cha kukuzia cha mara 10, kile ambacho mafundi saa na wauza vito hubana jichoni. Hakigharimu kitu mbele ya bei ya saa yenyewe. Tazama ukingo wa tundu la katikati au ukingo wa nje wa uso: enameli ya kweli hujikunja kidogo pale inapokutana na chuma, na rangi yake ina kina, mwanga unaingia kwanza ndipo unarudi. Huenda ukakuta kitundu kidogo au chembe iliyoganda. Usiiogope. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyopangana, hiyo imechapwa. Ukiona uso laini wa plastiki, ni rangi ya resini, na wapo wanaoiita enameli baridi. Ni kitu kingine kabisa, na bei yake iwe nyingine.

Nakshi nayo ina alama zake. Mchonga nakshi anayetumia patasi ndogo ya chuma huacha mifereji inayong'aa pembeni, inayoanza kwa wembamba, ikapanuka, ikafifia. Nywele mbili za Medusa hazitalingana kabisa. Kitu kilichomiminwa kwenye kalibu kina kingo za mviringo na ngozi ya chengachenga. Kilichochomwa kwa leza kina sakafu isiyong'aa, yenye mistari midogo sambamba inayokwenda upande mmoja. Kilichogongwa kwa muhuri ni safi mno na kinafanana na mwenzake kwa kila kitu. Ikiwezekana omba uonyeshwe saa mbili za aina moja, uziweke pamoja, uyatazame macho ya huyo mungu. Kama macho yanalingana mpaka kwenye kope, mkono haukupita hapo.

Ndani ya saa, kama mfuniko wa nyuma ni wa kioo, tafuta kona. Mafundi wakubwa husaga kingo za kila kipande kwa mshazari na kuzing'arisha. Mashine inaweza kuusaga ukingo ulionyooka au uliopinda, lakini pale kingo mbili zinapokutana kwa ndani, zikafanya pembe kali, mashine huacha mviringo. Pembe kali ya ndani, safi na inayong'aa, hufanywa na mtu mwenye subira. Ukiipata moja tu, mheshimu aliyeitengeneza.

Kuna vipimo vya mtaani ambavyo usivitegemee. Watu husema mshale wa sekunde ukienda kwa kuteleza ni orijino, na ukirukaruka ni feki. Zamani ilisaidia kidogo. Siku hizi saa bandia nyingi zina mtambo wa otomatiki unaoteleza vizuri tu, na saa za betri zinazorukaruka zimo katika majina makubwa pia. Uzito nao hudanganya, isipokuwa kwa dhahabu: dhahabu ya karati 18, ambayo ni asilimia 75 dhahabu na hugongwa alama ya 750, ina uzito unaokaribia mara mbili ya chuma cha pua kwa ujazo uleule, na mkono uliozoea huigundua. Muuzaji akikuambia kwamba saa yake imerekebishwa maalumu kwa watu wa ikweta, mshukuru, uendelee na safari yako. Ni kweli kwamba mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer aligundua kule Cayenne, karibu na ikweta, kwamba saa yake ya pendulamu ilichelewa karibu dakika mbili na nusu kwa siku ikilinganishwa na Paris, kwa sababu mvutano wa dunia hupungua kidogo huku kwetu. Lakini saa ya mkono haina pendulamu. Ina gurudumu la mizani na springi nyembamba, na vyote viwili havijali kama umevuka mstari wa ikweta pale Kikorongo au hujauvuka.

Nataka kukaa kidogo kwenye hadithi zenyewe, kwa sababu anayezijua haibiwi kirahisi, na pia kwa sababu zawadi inayokosea hadithi humwaibisha mtoaji. Poseidon, mungu wa bahari, hubeba mkuki wa meno matatu. Mnyama wake ni farasi mwenye mkia wa samaki, na huyo ndiye ambaye Omega imemweka nyuma ya saa zake za Seamaster kwa miongo mingi. Safu hiyo ilianza mwaka 1948, na ilipotimiza miaka 75, mwaka 2023, saa za kumbukumbu zilitoka na Poseidon mwenyewe mgongoni. Hizo hutolewa kiwandani kwa wingi. Picha haikuchongwa na mtu mmoja mmoja, na Omega haidai hivyo. Zinanunuliwa kwa uimara wake ndani ya maji, na kwetu hiyo ni sababu nzuri.

Ukimnunulia daktari wa Kagando au Bwera saa yenye nyoka, hesabu nyoka. Fimbo ya Asklepios, mungu wa tiba, ina nyoka mmoja na haina mabawa. Yenye nyoka wawili na mabawa ni ya Hermes, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanyabiashara, na inamfaa zaidi tajiri wa malori. Medusa aliuawa na Perseus, na Wagiriki waliutumia uso wake kwenye ngao na milangoni ili kuwatisha maadui na mabaya. Kwao ulikuwa kinga. Hata hivyo, ukitaka kumpa mzee wa kanisa wa Kyondo au shehe wa mjini Kasese uso wenye nywele za nyoka, muulize kwanza mkewe. Ujue pia kwamba nyumba ya mitindo ya Versace, iliyoanzishwa Milan mwaka 1978, ilimfanya Medusa kuwa alama yake, hivyo saa nyingi za Medusa zisizo na jina linaloeleweka zinaiga alama hiyo na hazina habari na Ugiriki wala na ufundi.

Kosa linalojirudia mno ni la Kronos. Kuna Kronos, jitu la kale lililowameza watoto wake, na kuna Chronos, ambaye ni wakati wenyewe. Watu wa kale nao waliwachanganya, kwa hiyo msanii anayeujua mchanganyiko huo na kuuchezea ana haki yake. Ila kama karatasi inayokuja na saa inasema kwamba baba wa wakati ndiye aliyemeza watoto, na aliyeiandika haonekani kujua kwamba ameunganisha watu wawili, jiulize ni mangapi mengine ameyafanya kwa haraka. Wanaostahili kukaa kwenye saa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Horai, mabinti wa Zeus na Themis, waliosimamia majira na utaratibu mwema. Huwaoni mara nyingi, maana wauzaji hupenda umeme na mikuki. Talos naye ananivutia: lile jitu la shaba lililoilinda Krete, lenye mshipa mmoja tu uliozibwa kwa msumari kwenye kifundo cha mguu, ambalo lilikufa msumari ulipotolewa. Saa ya ufunguo nayo inaishi kwa springi moja, na msanii aliyemchagua Talos amefikiri juu ya kitu anachokitengeneza.

Turudi Katwe, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chuma cha pua ambacho saa nyingi nzuri hutumia huitwa 316L. Ni chuma kizuri, lakini adui yake ni kloridi, na kloridi imo ndani ya chumvi. Jasho lina chumvi, vumbi la Katwe lina chumvi, mkono wa mtu anayenunua mifuko ya chumvi na kuipakia una chumvi kutwa nzima. Chumvi haishambulii uso unaouona. Hukaa kwenye viungo vya cheni, kwenye nyuzi za mfuniko wa nyuma, kwenye shingo ya ufunguo, mahali ambapo maji hujificha na hewa haifiki, na hapo huchimba vitundu. Unaweza kuivaa saa miaka miwili ukaiona nzima, fundi akifungua mgongo akakuta ukingo umeliwa.

Titani haijali chumvi. Chuma cha 904L, ambacho Rolex hutumia, hustahimili zaidi ya 316L. Dhahabu haishiki kutu, ingawa hukwaruzika upesi. Shaba ya bronzi, inayopendwa sana kwenye saa za mtindo wa kale wa Kigiriki, hubadilika rangi na kutoa ukijani. Ulaya wanaupenda ukijani huo na huuita uzuri wa umri, lakini kwenye jasho na chumvi ya hapa hauishii kwenye rangi, hupaka mkono na kuchafua mashati. Fedha ndiyo ninayokukataza kabisa kama unafanya kazi kwenye ziwa. Ile harufu ya mayai viza inayopanda kutoka kwenye matope ya Katwe ni gesi ya salfa, na gesi hiyo huigeuza fedha kuwa nyeusi.

Kama ukiipenda saa ya enameli, ujue umevaa kioo juu ya kioo. Kioo cha juu, kikiwa cha yakuti, ni kigumu sana na hakikwaruziki kirahisi. Enameli iliyo chini yake hupasuka kwa mshtuko. Ukipanda boda boda kutoka Kisinga kwenda milimani, kwenye barabara ya mawe, ivue uiweke mfukoni ndani ya kitambaa. Ufa wa enameli hauzibiki ukarudi kuwa uso uleule. Uso mzima hutengenezwa upya, kama aliyeutengeneza bado yupo na bado anakubali.

Maandishi ya mita nayo huwadanganya wengi. Saa iliyoandikwa mita 30 inavumilia mvua na kunawa mikono, basi. Ya mita 50 inaweza kuogelea kidogo, ya mita 100 inaogelea vizuri. Saa ya wapiga mbizi ya kweli hufuata kipimo cha ISO 6425, kinachoanzia mita 100. Namba hizo zinahusu saa mpya, yenye mipira laini ya kuzuia maji. Mipira huchoka, na joto la huku kwetu huichosha mapema. Ipimwe kwa shinikizo kila mwaka, na kila mara mgongo unapofunguliwa. Ukirudi kutoka ziwani, hakikisha ufunguo umefungwa, isuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, uifute kwa kitambaa laini. Mkanda uwe wa mpira. Wa ngozi huoza kwa jasho, na wa ngozi ya mamba una tatizo la ziada: biashara ya ngozi hiyo inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuivusha mpakani bila kibali kunaweza kukuletea maswali.

Wakati wa mafuriko, kama yale ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, saa nyingi zilizama pamoja na nyumba. Maji yakiingia na ukaona ukungu chini ya kioo, usiuvute ufunguo, usiianike juani, usiiweke karibu na jiko. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Kutu ndani ya mtambo haisubiri mwisho wa wiki.

Fundi yupi? Hili liulize kabla hujalipa hata shilingi. Kwenye barabara kuu za Bwera na Kasese wapo mafundi saa wanaofanya kazi ya kupendeza: meza ndogo chini ya mwavuli, kioo cha kukuzia jichoni, skrubu zimepangwa ndani ya kizibo cha soda zisipotee. Anabadilisha betri, mkanda, kioo na ufunguo kwa ustadi, na saa nyingi za wilaya hii zinatembea kwa sababu yake. Lakini mtambo wa kifahari wenye vipande mia mbili na zaidi unahitaji mafuta ya aina kadhaa, mashine ya kupimia mwendo, na vipuri ambavyo kampuni nyingi hazimuuzii fundi asiye wao. Fundi mwenye hekima atakuambia mwenyewe kwamba saa hii asiifungue, na huyo umshike, kwa sababu atakuambia ukweli siku nyingine pia. Huduma kamili hufanywa takriban kila baada ya miaka mitano, na kwa saa za juu gharama yake hufika mamia ya dola au zaidi, bila kuhesabu safari na bima ya kuisafirisha. Ukishindwa kuipata pesa hiyo kila baada ya miaka mitano, saa hiyo si ya mfuko wako bado, hata kama leo unayo pesa ya kuinunua.

Saa ya msanii mmoja ina swali jingine: akifa au akifunga karakana, nani ataitengeneza? Wasanii wengi makini huchukua mtambo wa kawaida wa Uswisi au Japani na kuweka ufundi wao kwenye uso na mwili. Wengine huona hilo ni upungufu. Mimi naliona ni baraka kwa mtu wa Kasese, maana mtambo wa kawaida hutengenezeka Kampala au Nairobi, na nakshi haihitaji vipuri.

Matunzo ya kila siku ni machache. Saa ya ufunguo itie ufunguo asubuhi, saa ileile, uache pale inapokataa. Tarehe usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu meno ya tarehe yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja. Iweke mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku. Ikianza ghafla kukimbia dakika nyingi kwa siku, huenda imeshika sumaku, na kuitoa ni kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye kifaa.

Kuhusu mpaka, nitasema kwa ufupi. Saa ikitumwa kutoka nje kama zawadi, bado mamlaka ya mapato, URA, inaweza kudai ushuru na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo risiti iandikwe bei ya kweli. Ukivuka Mpondwe kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na saa ya thamani, beba nakala ya risiti na namba ya saa. Saa ya kifahari isiyo na karatasi, inayouzwa kwa robo ya bei sokoni Lhubiriha, ama ni bandia ama ni ya mtu mwingine, na huitaki katika hali yoyote kati ya hizo mbili. Wala usimwamini anayekuambia kwamba itapanda bei. Zinazopanda ni chache sana, na zile zenye picha ya hadithi, ambazo mmoja huzipenda na kumi huzipita, ni ngumu kuziuza tena. Nunua ya kuvaa na kurithisha.

Sasa jambo lililo moyoni mwangu. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, Ptolemaios wa Alexandria, aliyeandika kwa Kigiriki, alisema kwamba Mto Nile hunyweshwa na theluji ya Milima ya Mwezi, na wengi wameitambua milima hiyo kuwa ni Rwenzori yetu. Wagiriki wenyewe, basi, walitazama huku. Wakonzo, watu wa milima hii, nao wana Kithasamba, mungu wa simulizi zao anayekaa kwenye theluji hiyo, pamoja na mkewe Nyabibuya. Ikiwa una pesa ya kulipia mkono wa mnakshi, nakushauri ufikirie hadithi hii kabla ya Poseidon, ambaye hata bahari yake iko mbali nasi. Unaweza kununua saa nzuri ya titani yenye uso mtupu na mwezi unaogeuka, kisha ukaagiza nakshi kwenye mfuniko wa nyuma. Ukichukua yenye mwezi, uliza meno ya gurudumu lake: lenye meno 59 hukosea siku moja kila baada ya miaka miwili na miezi saba hivi, lenye meno 135 hukosea siku moja baada ya miaka 122.

Kabla ya kumpa mnakshi kazi, waendee wazee wanaoyajua mambo ya Obusinga bwa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, uwaulize nini kinaweza kuchorwa na nini kinaachwa. Kuna mambo ya mlima ambayo hayavaliwi mkononi. Kisha dai mchoro kwenye karatasi, kwa ukubwa mara kumi, na uwaonyeshe wazee hao mchoro huohuo. Patana kwa maandishi: ni mfuniko wa chuma gani, nakshi ina kina gani, ni patasi au leza, na malipo kwa awamu. Chagua mfuniko mzito. Nakshi ya kina kwenye mfuniko mwembamba hudhoofisha mahali penye mpira wa kuzuia maji, na kazi nzuri kuliko zote inaweza kuifungulia chumvi mlango. Saa ikirudi kutoka kwa mnakshi, ipimwe tena kwa shinikizo, na usilipe awamu ya mwisho mpaka uione karatasi ya kipimo hicho.